Joho na Mwosha Maiti

Mimi ni joho. Wapo watakaowaambia kwamba joho ni nguo, na kwamba nguo huvaliwa na mtu. Hao hawajawahi kukaa mabegani mwa mwanadamu wakasikia sauti yake ikibadilika. Mimi ndiye ninayevaa. Nimewavaa wanaume na wanawake wa mji huu tangu mji haujapata jina, na hata leo haujapata, maana kila aliyejaribu kuupa jina alishtakiwa kwa kulitumia bila kibali. Nimewavaa wanene, nikatanuka kwenye mishono. Nimewavaa wembamba, nikapwaya. Wote walinuka jasho lilelile chini ya kola, na wote walidhani kwamba wao ndio waliokuwa wakisema.

Ni nani husema wakili anaposema? Swali hilo limenikaa kooni, mimi nisiye na koo. Ikiwa anayesema ni mteja, mbona maneno yake hutoka yamepigwa pasi, wakati mteja mwenyewe yuko kizimbani anatetemeka na kamasi? Ikiwa ni wakili, mbona jioni hula wali wake vizuri, akamuuliza mkewe kama mtoto amekoga, wala haoni haya? Na ikiwa ni mimi, basi mimi ni nani? Nimeliuliza nikiwa nimetundikwa msumarini, nimeliuliza nikiwa nimelowa mvua, nimeliuliza ndani ya watu wengi wasiojua kwamba wanaulizwa. Sitaki nijibiwe kwa huruma. Huruma nimeiona mahakamani. Huja na leso yake, hulia kidogo, kisha huenda kula.

Aliyekuwa ndani yangu wakati wa kisa hiki aliitwa Haruni Sengondo. Alikuwa na shingo ndefu na mikono mizuri, msomi, mtu wa kuwasabahi wafagiaji kwa majina yao. Alikuwa hodari. Nasema hodari, sisemi mwema. Mkimtaka mwema nendeni mkamtafute kwingine. Alifanya kazi katika nyumba zote tatu za sheria. Nyumba ya Leseni ni pale watu wanapovuliwa kazi zao. Nyumba ya Serikali ni pale wanapokwenda kulalamika kwamba wamevuliwa. Nyumba ya Jinai ni pale wanapopelekwa wale waliolalamika wakasikika. Zimejengwa zikishikana, mlango wa moja unatokea ukumbini mwa nyingine, kwa hiyo mtu anaweza kuingia ya kwanza na jambo dogo akafika ya tatu bila kuliona jua. Nyumba ya Jinai haina gereza. Anayehukumiwa hujengewa ukutani akiwa hai, na hivyo ndivyo nyumba hiyo inavyoongezeka vyumba.

Watu wa kazi yetu wana desturi zao, na lazima mzijue, maana bila desturi hizo mtadhani Sengondo alikuwa mkatili tu, na hiyo ingekuwa kumpunja. Nje ya chumba chake kipo kigoda. Anayekikalia wa kwanza ndiye mteja, awe nani, awe na uso gani, na wakili hana ruhusa ya kumkataa. Hukumu ikishasomwa, wakili huenda kwenye bomba lililo mlangoni, akasukutua mdomo, akatema. Kuanzia hapo maneno aliyoyasema si yake tena, na yuko huru kumtetea hata yule aliyemshtaki asubuhi. Wazee wetu waliiona desturi hiyo kuwa ya haki kuliko zote, kwa sababu haimwachi mtu bila msemaji.

Na ipo desturi ya tatu, iliyo mama yao. Wakili hasemi "naamini". Husema "nawasilisha". Kuamini ni kazi ya shahidi. Shahidi huulizwa, hukatwakatwa kwa maswali, na akionekana mwongo huadhibiwa. Anayewasilisha amebeba tu sinia lililofunikwa kutoka jiko la watu kwenda harusi ya watu, wala haulizwi chumvi. Sengondo alifundishwa neno hilo akiwa kijana, akalisema mpaka likajichimbia njia yake kooni, na maneno mengine yakaja kupita humohumo.

Asubuhi hiyo aliyekalia kigoda alikuwa Bwana Mwinchande, katibu wa Baraza la Waosha. Katika mji wetu hakuna anayemwosha maiti bila leseni ya Baraza, na hakuna anayezikwa bila kuoshwa. Bwana Mwinchande alieleza shauri lake kwa upole, akijifuta paji la uso. Alikuwepo msichana aitwaye Saumu, mwanafunzi, mwenye mdomo mwepesi wa kuuliza. Askari wa mji walimchukua wakamuulize wao. Walimrudisha kwa mama yake amefungwa ndani ya shuka, wakasema amekufa homa, wakatoa pole. Aliitwa mwosha, Bi Mwanakombo, mwanamke aliyewaosha nusu ya wanawake wa mji. Aliingia nyuma ya pazia na ndoo yake na kafuri yake, akafanya kazi, akatoka. Mama Saumu akamshika mkono mlangoni, akamuuliza kama kweli mwanawe alikufa homa.

Bi Mwanakombo akasema, "Homa haifungi mtu kamba."

Hakusema zaidi ya hapo, lakini ilitosha. Mnajua, hata nyinyi mnaotoka miji yenye majina, kwamba mwosha hasemi alichokiona. Akiona nuru usoni, aseme. Akiona kasoro, afunike. Amekuwa hivyo tangu kifo kianze, na Baraza likaja baadaye likaiandika desturi hiyo ili lipate kitu cha kulinda. Bwana Mwinchande alitaka Bi Mwanakombo avuliwe leseni kwa kutoa siri ya maiti. Sengondo alisikiliza, akatazama kile kigoda. Mtu alikuwa amekikalia. Basi akanyanyua mikono, nikamwingia.

Jaji wa Nyumba ya Leseni alikuwa kijana wa mashavu laini, ndevu zake zinaanza kuchipua. Mbele yake Sengondo alisema maneno ambayo mpaka leo yananikera kwa uzuri. Alisema maiti ni mtu wa pekee asiyeweza kujisitiri. Amevuliwa nguo, amevuliwa jina, amevuliwa hata aibu, na kilichobaki kumfunika ni ukimya wa aliyemwosha. Anayeuvunja ukimya huo amemvua mara ya pili, na safari hii mbele ya watu. Alisema haijalishi kilichoonekana ni nini, kwa sababu siri haipungui usiri wake kwa kuwa inauma. Aliinua mkono wangu wa kulia taratibu, akaushusha. Karani alilia. Askari waliokuwa mlangoni waliinamisha vichwa, wale walewale waliomchukua Saumu. Bi Mwanakombo naye alilia, akiwa amesimama pembeni na kanga yake iliyolowa upindo, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli na alikuwa ameliishi miaka yote.

Alipotaka kujibu aliambiwa kwamba zamu yake ya kujibu huja baada ya hukumu. Hukumu ikasomwa. Alikatazwa kuugusa mwili wa mtu yeyote kwa ajili ya kuuosha. Aliuliza kama katazo hilo linahusu na mwili wake mwenyewe. Karani akasema swali ni zuri, atalifikisha kwa wakubwa.

Mnaona sasa kwa nini nawadharau wanaodhani ukatili hupiga kelele. Ukatili nimeuona una sauti nzuri. Umesoma. Huanza na "kwa heshima zote". Hukuvuta kiti ukae, kisha huku umekaa hukuuliza una nini cha kusema, na unaposema huitikia kwa kichwa. Anayekutukana barabarani anakujua. Amekutazama akakuona, akachukia alichokiona. Sisi hatukuoni. Tunaliona shauri. Nimekuwa mabegani mwa watu walioangamiza koo nzima wasikumbuke hata uso mmoja, na hawakuwa wanadanganya waliposema hawakumbuki.

Sengondo alisukutua, akatema, akafuta mdomo. Alipogeuka, Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kigodani. Damu ilimkimbia, mimi niliye shingoni mwake nilihisi ngozi ikipoa. Mwanamke yule hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Umenimaliza vizuri, mwanangu," alisema. "Sasa nitetee vilevile."

Ukumbi wa kuelekea Nyumba ya Serikali unaonekana mfupi. Walipoingia humo mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, na kabla hawajafika katikati kiangazi kilikuwa kimepita, madirisha yamepasuka rangi, na nywele za Sengondo zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio. Hakushangaa. Watu hawashangai miaka inapochukuliwa humo, hudhani waliitumia. Bi Mwanakombo peke yake hakubadilika. Upindo wa kanga yake ulikuwa bado mbichi kwa maji aliyomwoshea Saumu, na nadhani wakati ulishindwa kumshika kwa sababu hakuwa na chochote alichokisubiri. Alijua alichokiona, na mtu wa namna hiyo siku zake zote ni moja.

Jaji alikuwa yuleyule, ila sasa ana kitambi na miwani. Sengondo alimwambia kwamba Baraza lilimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na kwamba mtu akihukumiwa hivyo, hukumu hiyo ni batili hata kama ni sahihi. Alisema vizuri mno. Alimkanyaga yule wakili wa asubuhi, yaani yeye mwenyewe, bila hata kumtaja. Jaji aliafiki. Alitamka kwamba Baraza limekosea, akaitengua ile hukumu, akarudisha shauri palepale lilikotoka ili lisikilizwe kwa utaratibu unaofaa. Watu walimpa Sengondo mkono. Alishinda, na niliuona ushindi ukimpanda mgongoni mpaka kwenye kola.

Baraza lilikuwa limeketi tayari kwenye pembe ya chumba. Safari hii walimletea Bi Mwanakombo kiti chenye mto. Walimletea maji. Bwana Mwinchande alimwomba aeleze yote, taratibu, asiache kitu, maana ni haki yake sasa, ameipigania. Naye akaeleza. Alieleza alama za kamba kwenye viganja vyote viwili mahali vinapoungana na mkono. Alieleza vidole visivyokuwa na kucha. Alieleza jinsi alivyomfunika mikono kwa pamba ili mama yake akija kumuaga asiione. Walisikiliza wameinamisha vichwa upande, wengine wakasikitika kwa sauti. Walipomaliza kumsikiliza walimshukuru, wakanong'onezana, wakampa hukumu ileile. Na askari waliokuwa mlangoni, waliokuwa wamesikia kila neno, wakaja wakamshika kwa kosa la kuuzushia mji uongo. Ushahidi wao ulikuwa maelezo hayohayo. Hapo kwanza alikuwa amesema maneno manne mlangoni kwa mfiwa, na mtu angeweza kuyakana. Sengondo ndiye aliyemshindia haki ya kusema yote mbele ya watu.

Walimfunga kamba wakimpeleka. Sengondo alikwenda bombani, akafungua maji, akasimama akiyatazama yanavyomwagika.

Nyumba ya Jinai inanuka chokaa mbichi. Mafundi hukaa ubavuni mwa chumba tangu kesi inapoanza, miiko mapajani, wakikoroga taratibu, kwa kuwa chokaa ikikorogwa baada ya hukumu huchelewesha watu. Jaji alikuwa sasa mzee, meno hana, macho yamemezwa na kope, lakini sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa ujanani. Nilimvaa huyo pia zamani, nadhani, au nilimvaa baba yake. Hapa ndipo kumbukumbu zangu zinapochanganyika. Mabega ni mabega.

Mwendesha mashtaka hakuwa na maneno mengi. Alimwita Mama Saumu. Mwanamke huyo aliingia akiwa na binti yake mwingine, mdogo kuliko marehemu, na binti akakalishwa kwenye benchi katikati ya askari wawili, mmoja wao akamsifia viatu vyake. Mama Saumu aliulizwa mwosha alimwambia nini. Alijibu kwamba hakuambiwa kitu. Aliulizwa mwanawe alikufa na nini.

"Mwanangu alikufa homa," alisema, akimtazama yule aliyebaki.

Bi Mwanakombo aliitikia kwa kichwa. Wallahi aliitikia, kama anayemwambia umefanya sawa, shika huyo uliye naye. Nilimchukia kwa hilo. Sipendi watu wanaosamehe mbele yangu. Wanamfanya mtu aliye ndani yangu ajikune.

Kisha Sengondo akasimama, na nataka niwe mkweli kuhusu kilichofuata, kwa sababu ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyovishiriki. Aliomba isomwe hukumu ya Nyumba ya Leseni. Ikasomwa. Akauliza: mwanamke huyu alivuliwa leseni kwa kosa gani? Kwa kutoa siri. Akauliza: siri ni nini? Ni jambo lililopo, likafichwa. Jambo lisilokuwepo halifichiki, na asiyelificha hawezi kulitoa. Mtu hawezi kuiba shamba lisilokuwepo. Basi mji wenyewe, kwa kinywa cha Baraza lake na muhuri wa jaji wake, ulishakiri kwamba Bi Mwanakombo alikiona alichosema amekiona. Ama alitoa siri, na alichosema ni kweli, na hana kosa humu; ama alizusha, na hapakuwa na siri, na leseni yake irudishwe leo. Mji uchague moja. Hauwezi kumla mtu huyu kwa midomo miwili.

Fundi mmoja aliacha kukoroga. Mwendesha mashtaka alifungua kinywa, akakifunga. Nilitetemeka kwa furaha kwenye kila uzi, na nikadhani nimepata jibu la swali langu. Anayesema ni hoja. Si mteja, si wakili, si mimi. Hoja hutafuta koo la kupitia, na ikishapita hakuna tena aliye muhimu.

"Hoja nimeikubali," jaji alisema.

Mafundi wakaweka miiko chini. Bi Mwanakombo akafumba macho.

Lakini jaji hakuwa amemaliza. Alieleza, polepole, kwamba katika nyumba zile mbili hoja inatosha, ila nyumba hii ni ya zamani kuliko hoja. Ilijengwa wakati watu hawajui kubishana. Wakati huo mtu alipokuwa karibu kujengewa, aliulizwa jambo moja tu: yupo mtu asiye ndugu yake anayemwamini? Akitokea mmoja, akasimama kando yake na kulisema, aliachiwa. Sheria hiyo haijafutwa. Jaji akatazama huku na huku kwa macho yale yaliyomezwa. Mama Saumu alikuwa ameshatolewa. Waliobaki walikuwa makarani, askari na mafundi.

"Basi ni wewe, bwana wakili," alisema. "Umenionyesha kwamba haiwezekani awe mwongo. Vua joho, nenda pale alipo, useme unamwamini. Nikiridhika mtatoka wote wawili. Nisiporidhika, matofali yapo ya kutosha."

"Sema, mwanangu," Bi Mwanakombo alisema. "Neno moja tu."

Mkono wa Sengondo ulipanda kwenye kola yangu. Ulifungua kifungo cha kwanza.

Nilikuwa nimemgusa kila siku ya maisha yake na sikuwahi kuogopa mpaka kidole kile kilipogusa kifungo cha pili. Nisikilizeni. Sikumbana. Sikumnong'oneza. Watu hupenda kusema kwamba walivutwa, kwamba kuna kitu kiliwashika nguo, na wakisema hivyo hutupa sisi nguvu tusizokuwa nazo. Mimi nilining'inia tu. Alikuwa huru kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Na alikuwa anamwamini. Hilo mlijue, maana ndipo ubaya wote ulipo. Moyo wake ulikuwa unanidunda kwa ndani ukisema neno lenyewe, naamini, naamini, hakuna hoja humo, hakuna kwa heshima zote, alikuwa ameona mikono ya yule mtoto kwa maneno ya mwanamke huyu na hakuwahi tena kuacha kuiona.

Lakini mtu akivuliwa ni nini? Shati. Chini ya shati, kifua chenye nywele chache. Chini ya kifua, kiumbe ambacho hakijawahi kusimama mahakamani. Sengondo alijitazama humo akakuta hakuna aliyemzoea. Aliyezoeleka alikuwa yule mwenye joho. Huyo ndiye aliyesalimiwa, aliyemwoa mkewe, aliyewapeleka watoto shule. Huyu wa chini alikuwa mgeni, na jaji alikuwa anamwomba amtoe mgeni huyo mbele ya mafundi wenye chokaa. Alihisi baridi. Nilimhisi akiihisi. Mkono ukashuka, ukakifunga tena kifungo cha kwanza, na neno lililotoka lilikuwa lile lililozoea njia.

"Mheshimiwa Jaji, nawasilisha kwamba mshtakiwa ni mtu wa kuaminika."

"Sikukuuliza unawasilisha nini."

"Nawasilisha kwamba yeyote mwenye akili timamu angemwamini."

"Nani?"

"Yeyote, Mheshimiwa."

"Yeyote hayumo humu," jaji alisema, akawapa mafundi ishara.

Bi Mwanakombo hakupiga kelele. Alimtazama Sengondo kwa muda, bila kumlaumu, kwa jicho la kazi, kama alivyokuwa akiwatazama wale aliokabidhiwa nyuma ya pazia kabla hajaanza kuwamwagia maji. Jaji alisema kwa ajili ya kumbukumbu kwamba hajawahi kusikia utetezi bora zaidi, na akaagiza ile hoja ya siri ifundishwe kwa vijana. Watu walipiga makofi. Sengondo aliinama kidogo kushukuru. Tusidanganyane: aliinama.

Ukuta wa Nyumba ya Jinai hujengwa haraka. Walimsimamisha kwenye nafasi yake, wakapandisha matofali kutoka miguuni, na alipofunikwa kifua walimfungua kamba, kwani kamba ni mali ya mji. Desturi yetu inasema tofali la mwisho huwekwa na wakili wa aliyehukumiwa, ili ithibitike kwamba hakuachwa peke yake hata mwisho. Fundi, mzee mchangamfu aliyekuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi, alibakiza tundu la usawa wa uso, akatandaza chokaa kingoni, akampa Sengondo tofali. Kisha akasogea pembeni kwa adabu.

Sengondo alipeleka mdomo tunduni. "Nakuamini, Bi Mwanakombo," alinong'ona. "Tangu asubuhi nilikuamini."

"Najua," alijibu kutoka gizani. "Ulipokuwa ukinishtaki nilijua. Asiyeamini hawezi kusema vile." Akaongeza: "Mwanangu, mimi nimeosha watu wengi. Humu nani ataniosha?"

Aliweka tofali chini. Akachovya mkono wangu kwenye ndoo ya fundi, maji ya kuloweshea matofali, machafu, akaupitisha tunduni. Niliugusa uso wake. Sijawahi kuugusa uso wa mteja. Ulikuwa wa moto, una vumbi, una mikunjo kando ya macho, na chini ya taya kulikuwa na mshipa unaopiga. Bi Mwanakombo alimwelekeza kwa sauti ya mtu anayefundisha kazi, bila haraka. Aanze upande wa kulia. Asisugue, apitishe tu. Asisahau nyuma ya sikio. Kisha akaupandisha mkono wake wa kulia mpaka kwenye tundu, Sengondo akauosha, kidole kwa kidole, na pale kamba ilipokula ngozi alipitisha pole sana, na kwa muda ule mfupi sikujua tena ni nani aliyekuwa amemvaa nani. Nilitaka jambo hilo likome. Nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa pale kwenye kifungo.

"Mwanangu, chokaa itakauka," fundi aliita, akimwonea huruma.

"Inatosha," Bi Mwanakombo alisema. "Weka."

Aliliokota tofali, akalitia kwenye nafasi yake, akalisukuma kwa kiganja mpaka likakaa sawa na mengine. Fundi akapitisha mwiko, akakwangua kilichozidi. Ukuta ulikuwa umenyooka, kazi safi. Sengondo alibaki ameukabili, mabega yake yakipanda na kushuka chini yangu, nami nikangoja kwa hofu anivue, anitupe ndani ya ndoo ile, apige ukuta kwa mikono, afanye lolote ambalo watu hufanya. Mabega yalitulia. Aliurudisha nyuma mkono wangu uliolowa, akautazama chini ya mwanga wa dirisha, akaugeuza huku na huku. Kisha akamuuliza fundi kama chokaa hutoka kwenye nguo nyeusi.

"Hutoka, bwana," fundi alisema, "ukiwahi."